Kwangu Haifunguki

Land Cruiser nyeupe ilikuwa imeshauacha mtaa wa Ruwi, na Aika yumo ndani, kalazwa kifudifudi nyuma ya viti, buti la mtu shingoni.

Yaqdhan alikuwa magari matatu nyuma, ndani ya Hilux yenye vumbi. Glock pajani. Sikioni kidude kidogo kama punje ya hindi.

"Nnawaona, Bi Kheiria. Mutasim mwenyewe yumo. Niwakatie njia?"

Bi Kheiria alikuwa mtaa wa Al Khuwair, kwenye ofisi ya usalama isiyo na kibao mlangoni.

"Usiwakatie. Chai ipelekwe Rusayl."

Maana yake: liache gari, vamia ghala.

"Na msichana?"

"Msichana mmoja, mwanangu. Ghalani wamo wengi."

Mambo yalianza asubuhi ile. Aika, mtumishi wa ndani, mtu wa Moshi, alitoroka kwenye ghala la Mutasim, ambako wasichana hufungiwa kabla ya kuvushwa mpaka na kuuzwa. Alitoka na video simuni. Mutasim anampiga mwenzao kwa waya, anampiga, anampiga, mpaka mwenzao anaacha kujikinga.

Alijificha Ruwi, chumbani kwa rafiki. Akaipandisha video kwenye Dada wa Ghuba, jukwaa la mtandaoni la watumishi wa ndani.

Video ikagoma. Simu yake hurekodi kwa namna ambayo simu za bei rahisi haziwezi kuifungua. Wenzake wakaandika lile wanaloandika kila siku: kwangu haifunguki.

Ndipo akatokea Kaka Fundi.

"Pole dada. Nitumie ya asili nikugeuzie. Halafu jirekodi kidogo hapo ulipo, niijaribu simu yako."

Kila mtu jukwaani anampenda Kaka Fundi. Anageuza video za watu bure, za harusi, za misiba, za watoto walioachwa kwa bibi zao. Anasema asante zenu zanitosha.

Aika akajirekodi. Video ikaenda na alama ya mahali iliporekodiwa, mtaa na jengo, kama zinavyokwenda zote. Chai ya rafiki yake haijapoa, mlango ukavunjwa.

"Bi Kheiria," Yaqdhan alisema. "Ulimuona anaituma ile?"

"N'limuona."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia, Mutasim ningemtoa wapi leo?"

Yaqdhan alikanyaga mafuta.

Mutasim si mjinga. Video ikipotea kabisa jukwaani, dada watastuka wahame, na jukwaa ndilo dema lake la kuvulia watoro. Kwa hiyo alimwamuru Kaka Fundi, mtu wake, aweke nakala ndogo, ya giza, nyuso hazijulikani. Kisha ya asili ifutwe.

Lakini Kaka Fundi ana desturi yake. Hafuti ya asili mpaka nakala imfungukie kila aliyelalamika.

Na tangu asubuhi alikuwapo mwanamke mmoja mlalamishi, jina lake Mama Sinan.

*Kaka Fundi, kwangu haifunguki.*

Akageuza upya.

*Imefunguka, ila sauti inatangulia mdomo.*

Akageuza upya.

*Sasa picha imelala ubavu.*

"Mtu wa sifa huyu," Bi Kheiria alisema, kidole kikibonyeza simu. "Hawezi kulala na mtu ambaye hajamshukuru. Lakini wenzangu wote washamwambia asante. Nimebaki mimi Mama Sinan peke yangu. Fanya haraka."

Kwenye mzunguko wa Burj al Sahwa, Land Cruiser ilishika njia ya Sohar, ya kwenda mpakani.

Yaqdhan akakata kushoto.

Rusayl, kwenye maghala, jua lilikuwa utosini. Ni saa zile za kiangazi ambazo vibarua hawaruhusiwi kufanya kazi juani. Wamelala chini ya malori, kanzu usoni. Barabara tupu.

Bawabu wa ghala alinyanyua kichwa. "Min? Nani?"

Glock yenye kizuia sauti ilimjibu. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Nyuma ya ghala kulikuwa na mlango wa chuma, kufuli kubwa, na vidole vya wanawake kwenye uwazi wa chini ya mlango, vikitafuta hewa. Yaqdhan aliviruka.

Chumba cha pili kilikuwa baridi. Kaka Fundi mwenyewe, Selestine, kijana mnene wa Mwanza, alikuwa mbele ya kompyuta na hedifoni kichwani. Mbele yake simu za kujaribia zimepangwa kama sahani. Tecno, itel, Nokia iliyopasuka kioo. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa unakaribia mwisho.

Akageuka. "We nani, bro?"

"Mama Sinan."

Selestine alizitazama ndevu, kisha bastola.

"Kwangu bado haifunguki," Yaqdhan alisema.

Alichomeka diski ya Samsung, akaivuta ya asili. Uso wa Mutasim ulikuwa wazi kama picha ya pasipoti.

"Ninayo."

"Khalas, yatosha," Bi Kheiria alisema. "Toka. Wenzako watakuja kufungua mlango."

"Mutasim anavuka mpaka."

Bi Kheiria akajibu: "Basi mwite."

Yaqdhan aliweka mdomo wa bastola juu ya goti la Selestine. "Mpigie. Mwambie haifutiki mpaka amrudishe msichana."

Selestine alipiga. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

"Bosi, ile video haifutiki. Inataka akaunti ya msichana. Simu yake ichomekwe hapa kwenye mashine, halafu ifunguliwe na kidole chake."

"Simu n'nayo," Mutasim alisema. "Kidole kipi?"

"Gumba, bosi."

"Kidole tu?"

Yaqdhan alitikisa kichwa, hapana. Lakini Selestine alikuwa anaitazama bastola, hakukitazama kichwa.

"Ndiyo, bosi. Kidole tu."

Simu ikakatwa.

Land Cruiser ilirudi. Bawabu alikuwa amefunikwa turubai. Mutasim aliingia na kanzu nyeupe isiyo na doa, mkononi boksi la Kleenex. Akaliweka mezani, katikati ya simu. Chini lilikuwa limelowa.

"Haya, fundi. Fungua."

"Ishafunguka," Yaqdhan alisema nyuma ya mlango.

Risasi ya kwanza aliipeleka kwenye mkono ulioleta boksi. Ya pili gotini. Ya tatu aliibakiza. Mahakama inataka mtu anayesema.

Nje, Badr dereva alikuwa ameinua mikono kabla hajaambiwa.

Aika alikuwa sakafuni mwa gari, mkono kaubana kwapani. Yaqdhan alivua kilemba chake, akaufunga.

"Video imefunguka?" Aika aliuliza.

"Imefunguka."

"Mungu ambariki Kaka Fundi. Nilijua atawaleta."

Yaqdhan hakumsahihisha. Alinunua chai ya karaki kwenye kibanda cha kona, akainywa amesimama, akaondoka.

Mutasim amefungwa maisha. Mkono wake haukupona.

Selestine alipata miaka kumi. Badr alitoa ushahidi, sasa anaendesha lori la maji.

Aliyepigwa kwa waya aliitwa Eufrasia. Mwili haujapatikana. Mamake alitumiwa ile video aithibitishe. Kwa mamake ilifunguka mara ya kwanza.

Waliokuwa nyuma ya mlango wamerudishwa kwao, isipokuwa wawili waliokataa kurudi mikono mitupu.

Aika yuko Moshi. Gumba alilorudishiwa kwa kushonwa halikushika.

Bi Kheiria amepandishwa cheo. Yaqdhan alipelekwa nchi nyingine, hakuuliza ipi.

Dada wa Ghuba bado lipo. Kila siku wanaulizana Kaka Fundi yuko wapi, mtu mwema yule. Video hazifunguki.