Kikohozi cha Bokor

Harufu ilianzia kwenye ugali. Kaltuma alikuwa ameusonga asubuhi ileile kwa unga mpya wa uwele, na mchuzi wa bamia kavu ukatiwa samli safi, lakini bintiye Zahara alipofunua chungu aliziba pua.

"Mama, humu kuna kitu kimeoza."

"Kioze nini? Sema tu hutaki kula."

Kaltuma naye aliisikia, na aliijua. Ilikuwa harufu ya nyama ya ngoma.

Hapa kwetu Darfur, kila mwaka sultani anapozivisha ngoma zake za shaba ngozi mpya, nyama ya kondoo huachwa siku kadhaa mpaka ioze, hutiwa pilipili, kisha wanaume wa ukoo wa kifalme huketishwa waile. Wake na mama zao husimama nyuma yao na migwisho, wakiwafukuzia nzi. Atakayekohoa ni msaliti, ngoma imemkataa. Wenye marungu humaliza kazi hapohapo, na wanawake hupiga vigelegele. Ndivyo tunavyopima uaminifu, na historia ya masultani wetu tumeachiwa na wenye makoo magumu.

Mwaka uliopita Bokor, mume wa Kaltuma, alikwenda na mafua. Alikohoa mara moja tu. Kaltuma akapiga kigelegele pamoja na wenzake ili wanawe wawili wasalimike, na tangu siku hiyo hakuwahi kujisamehe.

Sasa zamu ilikuwa ya mwanawe Tumsa, kijana wa miaka kumi na minane. Zilibaki siku tatu.

Adhuhuri kikohozi kikasikika ghalani, nyuma ya mtungi wa nafaka. Kilikuwa kikavu, chenye mluzi mwishoni. Alikuwa Bokor kabisa.

Fakihi Jarma aliitwa, akaja na ubao wake, akanusa mlangoni na kukataa kuingia.

"Huyo si mumeo, bibi," alinong'ona. "Ni jini la ngoma. Lilikula pumzi yake ya mwisho, sasa linaitumia. Litakusemesha. Usiliitikie! Ukiliitikia tu, umelikaribisha."

Akaandika aya ubaoni, akaosha wino kwa maji, akawanywesha wote watatu.

"Usihofu, mama," Tumsa alicheka. "Mimi nitameza hata kiatu cha sultani."

"Nyamaza! Ukuta una masikio."

Siku ya pili ilipita kimya. Ya tatu, alasiri, Kaltuma aliingia ghalani kuchota uwele, na ile harufu ikampokea mlangoni, ikamfuata mpaka mtungini, ikamkaa kooni, na alipoinama akasikia mtu akivuta pumzi karibu kabisa na sikio lake, taratibu, kama Bokor alivyokuwa akivuta usiku wa baridi kabla ya kusema neno.

"Kaltuma. Ulinipigia kigelegele."

Mwaka mzima alikuwa akilisubiri shtaka hilo. Maneno ya fakihi yakamtoka kichwani.

"Nisamehe, baba Tumsa. Hukuwa msaliti. Nilijua."

Harufu ikakatika palepale. Kaltuma akalia kwa furaha, akiamini amesamehewa, na hakumwambia mtu.

Kesho yake Tumsa alikula. Vipande vyote, bila kukunja uso, macho makavu. Alipomeza cha mwisho, Kaltuma, aliyesimama nyuma yake na mgwisho, alifungua kinywa amshukuru Mungu.

Kikatoka kikohozi. Kikavu, cha kiume, chenye mluzi mwishoni, juu tu ya kichwa cha mwanawe.

"Kama baba yake!" akasema mwenye rungu.

"Si mimi! Wallahi si mimi! Mama, waambie!"

Kaltuma alitaka kusema ni yeye, wamchukue yeye, lakini koo lilibanwa kama limeshikwa kwa mkono, na hata pumzi haikupita. Marungu yakashuka. Tumsa aliita mama mara mbili.

Bibi kizee aliyesimama kando yake akamfinya.

"Piga kigelegele, wee mwanamke! Binti bado unaye."

Ndipo koo likafunguka. Kigelegele kikatoka, kirefu, kitamu, bila mkwaruzo hata kidogo, na sultani mwenyewe akageuka kumtazama mwanamke mwaminifu kiasi hicho.