Habari Ambazo Bulle Hakuzitoa

Mwaka wa 1965, mji wa Garissa ulikuwa na askari wengi kuliko mbuzi. Jua likizama, hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Lakini asubuhi maisha yaliendelea. Arbia alikama mbuzi wake wawili, akachemsha chai, kisha akampitishia jirani yake Kagendo kikombe cha maziwa juu ya ua.

"Chukua, abaayo," alisema. Abaayo ni dada kwa Kisomali. Kagendo alitoka Meru, lakini jina hilo alikuwa amelizoea na alilipenda.

Mume wa Arbia aliitwa Bulle. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane na hesabu alizijua sana. Kazi ndiyo hakuwa nayo. Arbia alikuwa mja mzito, na baba yake alituma ujumbe kutoka Ijara: mwezi ukiisha Bulle bado hana kazi, Arbia arudi kwao akajifungulie huko. Njia ya Ijara ilikuwa ya hatari kwa sababu ya vita kati ya serikali na waasi. Akienda, watakutana tena lini? Bulle aliogopa hata kujiuliza.

Bahati ikabisha hodi. Kagendo alikuwa karani wa mishahara katika kampuni ya kujenga barabara. Mwisho wa mwezi angerudi Meru kumtunza mama yake. Bwana Muriuki, mkubwa wa kampuni, alitafuta mtu wa kushika nafasi yake. Alimpa Bulle hesabu, na Bulle akazimaliza chapuchapu.

"Vizuri," alisema Bwana Muriuki. "Utafanya kazi na Kagendo mpaka mwisho wa mwezi. Nikiridhika, kazi ni yako."

Arbia aliposikia alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Siku chache baadaye, adeer Duale akaja kunywa chai. Adeer ni ndugu wa baba. Zamani Duale alikuwa na ngamia wengi kule Hadado, na ndugu zake wote walimtegemea. Vita vilipokuja, ngamia waliisha. Mzee akahamia mjini, lakini bado alitembea kichwa juu.

"Warran!" alisema akikaa. Maana yake, toa habari.

Kwa watu wa Bulle, mtu akiulizwa habari huzitoa zote: mvua, malisho, wagonjwa, waliooa. Huko nyikani habari huokoa maisha, na kumficha mzee ni kukosa adabu. Basi Bulle akazitoa zote. Tena akaongeza, "Na Awil, dereva wa kampuni yetu, adeer, walaahi analipwa mara mbili ya fundi Munyao!"

Lo! Mzee akaipeleka habari, na kesho yake mashemeji wa Awil walikuwa mlangoni kwake, kila mmoja na shida yake. Fundi Munyao naye alitupa nyundo chini. "Mimi nilikuja hapa kabla ya Awil!" alipiga kelele. Kazi ikasimama.

Bwana Muriuki akaingia ofisini. "Nani amesema mishahara ya watu?"

Bulle alisimama. "Ni mimi, bwana."

Mkubwa akafunga mlango. "Umekiri mwenyewe, kwa hiyo sikufukuzi leo. Likitokea tena, naleta karani kutoka Nairobi."

Jioni, kabla ya jua kuzama, Kagendo alikuja kurudisha kikombe. Alimkuta Bulle ameinamisha kichwa.

"Nimekosa nini, dada?" Bulle aliuliza. "Hesabu zangu zilikuwa sawa. Na sikusema uongo."

"Hukusema uongo. Lakini habari ile ilikuwa ya Awil. Haikuwa yako."

"Mzee aliniuliza! Ningemnyamazia?"

Kagendo akaketi. "Sikiliza, ndugu yangu. Mwajiri akitafuta karani wa mishahara, hesabu ni mwanzo tu. Anataka mtu anayezirudia hesabu hata akiwa na hakika. Anataka mshahara utoke siku yake, maana kuna watoto wanaongoja unga. Anataka ujue sheria: kodi inakatwa kiasi gani, na kwa nini. Na mfanyakazi akija amefura kwa hasira, umweleze polepole mpaka aelewe. Hapo wewe utanishinda. Unajua Kiswahili na Kisomali."

"Na siri?"

"Siri ndiyo kubwa. Mshahara wa mtu ni kama chumba chake cha kulala. Wewe umepewa ufunguo, lakini usiingie na wageni. Na siku hizi za vita, ukisema pesa zinakuja lini na kwa gari gani, watu wanaweza kuuawa njiani."

Bulle hilo hakuwa amelifikiria kabisa.

"Sasa adeer akija nimwambie nini?"

Arbia alikuwa akimimina chai. "Mwambie habari zako, bwana! Mwambie mtoto wako ananipiga mateke. Mwambie unakoroma. Hizo hazitoshi?"

Wote watatu wakacheka, na Bulle akapumua.

Tangu siku ile Bulle alibadilika. Kila hesabu aliirudia. Mvunja mawe mmoja alikuja akifoka kwamba amepunjwa. Bulle alimpa kiti, akasoma tena siku zake za kazi, akaona ameacha siku moja. "Kosa ni langu," alimwambia. "Leo utalipwa." Mtu yule alitoka akitabasamu.

Kisha adeer Duale akaja tena. "Warran!"

Bulle alitoa habari za mvua, za mbuzi, za mateke ya mtoto. Mzee akasikiliza, halafu akauliza, "Na fundi Munyao? Ameongezwa mshahara?"

"Adeer, wewe ni baba yangu. Habari zangu zote ni zako. Lakini hiyo ni ya Munyao."

Duale aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. Akaondoka bila kuaga. Bulle aliumia sana. Arbia alimshika mkono.

Asubuhi moja Bulle alimkuta mzee amesimama mlangoni pa ofisi, peke yake.

"Bwana Muriuki ameniajiri," Duale alisema taratibu. "Nachunga punda wa kubeba maji."

Mzee wa ngamia wengi, leo punda wa maji!

"Kazi si aibu, wacha wanione," mzee aliendelea. "Lakini mshahara ni mdogo, na ndugu zetu bado wananitegemea. Sitaki wajue ni mdogo kiasi gani. Nilikasirika siku ile. Halafu nikafikiri: huyu kama amenificha mimi ya Munyao, atawaficha wao yangu."

Macho ya Bulle yalijaa machozi. "Hata Arbia hatajua, adeer."

Mwezi ukaisha. Kagendo aliondoka na msafara wa magari, na Bulle akapewa kazi. Arbia hakwenda Ijara. Asubuhi ya kwanza bila Kagendo alijisahau, akainua kikombe cha maziwa juu ya ua. Hakuna aliyekipokea. Akalia.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Wakamwita Nafiso. Mgeni akaja kutoka Hadado kuwapongeza.

"Warran!" alisema. Kisha akainama karibu na Bulle. "Nasikia adeer yako ameajiriwa. Analipwa vizuri?"

Duale alikuwa amekaa pembeni, amempakata mtoto. Hakuinua macho.

"Habari kubwa ya nyumba hii anayo adeer mikononi," Bulle alijibu. "Mtazame. Macho ya mama yake. Na sauti, walaahi, majirani wote hawalali!"

Mgeni akacheka, akaenda kumtazama mtoto, na swali lake likaishia hapo.

Mzee aliinua uso.

"Bulle," alisema, "nimiminie chai."

Na safari hii akainywa yote.