Tairi Namba 32208

Jumatatu tarehe 10 Machi 1975, saa tatu na robo asubuhi, Koplo Damiani wa kituo cha polisi Lindi aliitwa kwenye duka la matairi la shirika la umma. Alikuta tairi la lori limelazwa juu ya kaunta, na kando yake mtu mwembamba amefungwa mikono kwa kamba ya katani.

"Nani kamfunga?"

"Mimi," alisema Abdulatifu, meneja wa duka, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. "Mwizi huyu, afande. Kijiji chao kilinunua tairi jipya hapa mwezi wa Desemba. Leo kaleta tairi jingine, bovu, anataka abadilishiwe kwa dhamana. Lile jipya kaliuza."

Damiani alifungua kamba kwanza. Alikuwa mtu wa Rondo, miaka arobaini na minne, aliyeacha shule darasa la nne, na hakupenda kuona raia akimfunga raia.

"Jina lako?"

"Nassibu. Dereva wa kijiji cha ujamaa cha Mkwajuni, upande wa Pande."

"Haya, sema."

"Tarehe 10 Desemba nilikuja na ringi tupu. Bwana huyu akalitoa tairi stoo, akanifungia hapahapa. Nikaondoka nalo kama spea. Januari nikalivalisha lori. Mwezi wa pili likavimba ubavuni, uvimbe kama ngumi. Nikalivua kabla halijaniua. Mwenyekiti akanipa kadi, akasema nenda Lindi, dhamana ni miezi sita, haijaisha. Asubuhi hii wamelitoa kwenye ringi, wamelitazama, wamenifunga. Basi."

Karani wa duka, Martina, alisogeza kadi ya dhamana. Damiani akasoma polepole, kidole juu ya kila namba. Kadi ilisema 34471. Ubavuni mwa tairi paliandikwa 32208.

"Hukuwahi kulinganisha?"

"Kadi ilikuwa kwenye kasha la mwenyekiti, imefungwa kitambaa pamoja na hati ya lori. Haiguswi. Tairi lilikuwa ghalani. Havijawahi kukutana hivyo viwili mpaka leo."

Abdulatifu alicheka kidogo. "Tia mkono ndani, afande."

Damiani akatia. Vidole vyake vilipita juu ya kiraka kikubwa, pale pale penye uvimbe.

"Tairi jipya lina kiraka?" Abdulatifu aliuliza.

"Sijatia kiraka mimi," alisema Nassibu. "Ndani yake nimepaona leo."

"Kadi aliandika nani?" Damiani aliuliza.

"Mimi," alijibu Martina. "Naandika namba ninayotajiwa. Tairi hutoa meneja mwenyewe."

Abdulatifu akadakia haraka. "Liache hapa, afande, nilikate kwa msumeno. Ndiyo kanuni. Tairi bovu likifika kaunta hii nalikata, naandika daftarini, lisije likaua mtu." Alipigapiga daftari kubwa jekundu. Nyuma ya mlango kulikuwa na vipande vichache vya matairi yaliyokatwa. Vilikuwa vimejaa vumbi, na buibui alikuwa ametandaza utando katikati yake.

"Hili ni kidhibiti," alisema Damiani. "Linakwenda kituoni."

"Lakini kanuni ya shirika..."

"Na mimi nina yangu."

Meneja alikunja uso, kisha akatabasamu. Damiani aliviona vyote viwili.

Kituoni alimweleza Nassibu wazi. "Faili lako linakwenda mahakamani Ijumaa saa nne. Wizi wa mali ya kijiji. Ni jela hiyo."

"Mke wangu Kazija amebakiza wiki chache ajifungue," alisema Nassibu. "Ningeiba, ningekwambia nisamehe. Sasa nikwambie nini?"

Damiani alifunga faili. Wezi wengi walikuwa na wake wajawazito.

Saa nane mchana alikwenda sokoni kwa Maftaha, mshona katambuga, ndara za mpira wa matairi, ambaye kibanda chake kilitazamana na duka la matairi. Kama dereva aliuza tairi Lindi, mpira huo ungepita mikononi mwa mtu kama huyu.

"Nassibu wa Mkwajuni alikuuzia tairi Desemba?"

Maftaha hakuacha kukata. "Jipya?"

"Jipya."

"Afande, lori zima linaweza kulala mwezi kwa kukosa tairi moja, halafu mimi nichukue jipya nikate ndara? Nina wazimu, lakini si wa namna hiyo."

"Mpira wako unatoka wapi?"

"Unatoka wapi tena. Zamani nilinunua pale mbele. Matairi yaliyorudishwa na wateja yakikatwa, napewa vipande. Tangu katikati ya mwaka jana hakuna. Natembea mpaka Mtama kuokota makuukuu."

"Labda matairi mabovu hayarudi siku hizi."

"Yanarudi. Nakaa hapa toka asubuhi, macho hayana kazi nyingine. Nayaona yakiingia. Vipande sivioni vikitoka." Akainua kisu. "Usiniandike. Yule bwana ana marafiki wenye magari."

Damiani hakumwandika. Lakini alilala na maneno hayo.

Jumanne alipata lori tupu la korosho, akalala Kiswere, na Jumatano saa saba mchana akafika Mkwajuni. Mvua ilikuwa imenyesha. Lori la kijiji lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, gurudumu moja halipo.

Mtunza ghala, Bakary, alimpokea kwa heshima nyingi mno.

"Tairi lilikaa wapi?" Damiani aliuliza.

"Humu ghalani, afande. Tangu tarehe 11 Desemba lilipofika, mpaka Januari lilipovaliwa. Na lilipovimba, likarudi humu."

"Funguo?"

"Moja. Ninayo mimi. Haingii mtu humu."

"Hata mmoja?"

"Hata kuku."

Damiani akazunguka ghala taratibu. Magunia yalipangwa vizuri kushoto. Kulia sakafu ilikuwa tupu, imefagiliwa, na magogo sita yamelazwa kwa safu kama viti. Ukutani kulikuwa na alama za chaki zilizofutwa kwa kiganja.

"Kuku wako wanakalia magogo?"

Bakary aliyatazama magogo.

"Wewe ndiye mwenye funguo peke yako," alisema Damiani. "Tairi jipya likaingia humu, bovu likatoka. Dereva yuko mahabusu. Nadhani nimemfunga mtu siye."

"Afande, wallahi sijagusa tairi."

"Basi umegusa nini? Umenidanganya kabla sijakaa."

Bakary aliketi juu ya gogo moja. Sauti ilimtoka ndogo. "Ni kisomo cha watu wazima. Wanakisomo walikuwa wakisoma nje. Desemba mvua ikawatimua. Mwalimu Mwahija akaniomba ghala, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Amri inasema ghala lenye korosho asiingie mtu ila mtunza ghala. Mwenyekiti akijua, kazi sina. Ndiyo maana nikafuta ukuta."

"Watu wangapi?"

"Ishirini na sita."

Ishirini na sita. Damiani alikuwa amekuja kutafuta mtu mmoja mwenye nafasi ya kubadilisha tairi, sasa anao ishirini na sita. Akaagiza mwalimu aitwe.

Mwahija alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyemaliza darasa la saba. Alifuatana na bibi mmoja mfupi, Kijakazi, aliyekuwa akitafuna kipande cha muhogo.

"Shikamoo bibi," alisema Damiani.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfunga mjukuu wa dada yangu?"

"Aliyemfunga ni mwingine. Mimi nimemfungua nikamweka ndani."

"Tofauti yake hujanionyesha."

Damiani akamgeukia Mwahija. "Mwalimu, mlipokuwa mkisoma humu, tairi jipya mliliona?"

"Tuliliona? Tulilisoma."

"Mlilisoma vipi?"

"Sina chati ya namba. Waliniahidi, haikuja. Tairi lilikuwa limeegemea pale ukutani, na namba zake kubwa, zimeinuka, mtu anaweza kuzipapasa. Wazee wengine macho hayaoni ubaoni. Nikawaambia kila mmoja aje apapase, kisha anakili kwenye daftari."

Damiani alisimama wima. "Madaftari yapo?"

Yalikuwapo. Mwahija aliyaleta kwenye kikapu. Ukurasa ulikuwa na tarehe juu, kwa mwandiko wa mwalimu: Alhamisi 12 Desemba 1974. Chini yake, daftari baada ya daftari, namba ileile. Nyingine zilipinda, nyingine zililala, moja ilikuwa kubwa hata ikajaza ukurasa mzima. 32208.

"Hiyo kubwa yangu," alisema Kijakazi. "Tatu ilinisumbua. Zile mbili nilizikamata upesi, zimekaa kama bata wawili wanakwenda kuoga. Nane ni vitumbua viwili, kimoja juu ya kingine. Sufuri hata mtoto anaiweza."

"Bibi, mwalimu anaweza kuwa amewaandikisha hii jana, ili kumwokoa Nassibu."

"Fungua mbele," alisema Mwahija, hakukasirika.

Damiani akafungua. Kurasa mbili baadaye, katika kila daftari, palikuwa na sahihi na muhuri wa mkaguzi wa elimu ya watu wazima aliyepita kutoka Kilwa Masoko: 20 Desemba 1974.

Damiani alihesabu kwa sauti. Tarehe 10 tairi linatoka dukani Lindi. Tarehe 11 linafika. Tarehe 12 watu ishirini na sita wanalipapasa, na tayari ni 32208. Hakuna aliyebadilisha tairi Mkwajuni. Hakukuwa na tairi jingine la kubadilisha.

"Mwalimu, wewe na bibi mtakuja Lindi," alisema. "Na madaftari."

"Na mimi?" aliuliza Bakary.

"Wewe nenda kamwambie mwenyekiti mwenyewe. Akikufukuza, mwambie nimesema ghala lako limefanya kazi nzuri kuliko kituo changu."

Ijumaa tarehe 14 Machi, saa mbili na nusu asubuhi, Damiani aliingia dukani akiviringisha tairi. Nyuma yake walikuwa Nassibu, Mwahija, Kijakazi na askari mmoja wa zamu. Abdulatifu aliinuka nyuma ya kaunta.

"Karibu, afande. Limeletwa kukatwa?"

"Bado. Nieleze tena hiyo kanuni. Tairi bovu likirudi?"

"Namba yake na kadi yake vinapelekwa makao makuu. Mteja anapewa jipya. Bovu nalikata, naandika, natia sahihi."

"Hujawahi kuruka moja?"

"Hata moja."

"Hili 32208 hulijui?"

"Nitalijuaje? Kaliokota huko anakojua yeye."

Damiani akamgeukia karani. "Dada Martina, nipe daftari jekundu."

"Hilo ni la shirika," alisema Abdulatifu. "Linahitaji kibali."

Martina alikuwa ameshalishika. Alilizungusha daftari likamwelekea Damiani, akaondoa mkono. Damiani akasoma, kidole juu ya mistari, polepole kama kawaida yake. Kwenye ukurasa wa tisa kidole kikasimama.

"Tarehe 3 Oktoba 1974. Namba 32208. Limepasuka nyuzi za ndani. Mteja kapewa jipya. Tairi limekatwa. Sahihi, Abdulatifu." Akaupiga mpira kwa kiganja, ukalia. "Onyesha lilipokatwa."

"Limeibwa," alisema Abdulatifu upesi. "Nakumbuka sasa. Liliibwa uani kabla sijalikata. Dereva huyu..."

"Kwa hiyo uliandika umelikata kabla hujalikata."

"Nilipitiwa. Lakini aliyeiba ni yeye."

"Aliiba lini?"

"Januari. Februari. Nitajuaje?"

Mwahija akaweka kikapu juu ya kaunta. Damiani akafungua daftari moja, la pili, la tatu, akayapanga mbele ya meneja kama karata, tarehe na mihuri juu. "Tarehe 12 Desemba lilikuwa Mkwajuni, kwenye ringi uliyoifunga wewe tarehe 10. Lilisomwa na watu ishirini na sita."

Abdulatifu alitazama zile namba zilizopinda.

"Hawa?" alisema. "Hawa wameandika hizi?"

"Nitakwambia ulivyofanya, unisahihishe nikikosea," alisema Damiani. "Matairi ni adimu. Mwenye gari lake anakupa chochote. Tairi bovu likirudi, unaandika umelikata, unatia kiraka ndani, unalipaka weusi. Anakuja dereva wa kijiji. Martina unamtajia namba ya tairi zuri, anaandika kadi. Wewe stoo unafunga lile bovu kwenye ringi, asione ndani. Zuri linatoka mlango wa nyuma. Lakini hili likavimba upesi, na Nassibu akalirudisha. Ungeipeleka namba makao makuu, wangeona imeshalipiwa dhamana tangu Oktoba. Ukaona heri yeye awe mwizi, na tairi likatwe siku ileile. Ndiyo maana ulikuwa na haraka ya msumeno."

"Vijiji havisomi matairi," alisema Abdulatifu. Hakuwa akijitetea, alikuwa kama anamlalamikia mtu. "Miezi minane, vijiji saba. Hakuna aliyesoma."

"Vijiji saba," alirudia Damiani, akamwashiria askari. "Andika hiyo. Malori sita yako barabarani na watu juu yake."

Nassibu alisogea mpaka kwenye kaunta. "Mimi nilikuwa nashuka nalo mteremko wa Mbwemkuru nimepakia magunia themanini na watu kumi na mmoja juu," alisema. "Ulijua nashuka mteremko ule?"

Askari alitaka kumfunga kwa ile kamba ya katani iliyokuwa bado imening'inia kwenye msumari. Damiani alimkataza, akampa pingu, kisha akatuma neno mahakamani kwamba faili la Nassibu limeondolewa.

Martina alipiga simu makao makuu. Jibu lilikuja saa tano: kijiji cha Mkwajuni kipewe tairi lake, na matairi mengine sita yatafutwe leo leo. Alitoa jipya stoo, akaliweka sakafuni, akaandika kadi, akamsogezea Nassibu kalamu.

Nassibu alipoinama kutia sahihi, mkono wa Kijakazi ulimshika begani.

"Ngoja kwanza," alisema.

Alichuchumaa kando ya tairi, akaiweka kadi gotini, akaanza kupapasa namba kwa kidole cha shahada. Tatu ilimchukua muda. Damiani hakuwa amekula tangu jana mchana, na chai ilikuwa ikipoa kituoni. Alivua kofia, akaegemea mlango, akasubiri bibi amalize.