Kitabu Kilichogoma Kufunguka

Tryphena wa Mwatate alijifunza kusoma mwaka wa 1955, akiwa tayari ni mama wa watoto watatu. Basi hapo hakuna aliyemweza. Alisoma karatasi ya sabuni. Alisoma maandishi ya gunia la unga. Mumewe Gilbert, mfanyakazi wa shamba la katani, alirudi jioni akamkuta ameinamia gunia.

"Mama Dinah, ugali unaungua!"

"Nasikia harufu. Epua basi, una mikono."

Nyumbani walikuwa na kitabu kimoja tu, cha nyimbo za kanisani. Lakini katika stoo ya kanisa kulikuwa na sanduku zima la vijitabu vya masomo ya Jumapili. Kila kijitabu kilikuwa karatasi chache zilizokunjwa katikati, bila jalada. Vilitapakaa na kuraruka. Mzee Obadiah, mtunza stoo, alichoka navyo.

"Jumamosi nampa mwenye duka afungie sukari," alisema.

Tryphena aliruka. "Neno la Mungu lifungiwe sukari? Nipe mimi, mzee!"

"Vikatapakae kwako? Chukua hivi vichache. Ukinionyesha kitabu kinachosomeka, sanduku lote ni lako."

Tryphena alikimbia nyumbani. Kusuka vikapu alikujua tangu utoto. Basi alisokota uzi wa katani juu ya paja, akapanga vijitabu, akavishona pembeni kwa nguvu zote, kama mtu anayemaliza ukingo wa kikapu. Mgongoni akapaka ugali laini. Kitabu kikakauka kama ubao. Alikipiga busu!

Asubuhi mende walikuwa wametafuna mgongo. Tena kitabu kiligoma kufunguka. Akikiachia, pa! kinajifunga. Mwanzo wa kila mstari ulikuwa umefichwa na mshono. Alipokilazimisha, uzi ukakata karatasi.

Gilbert alicheka mpaka akakaa chini. "Huu ni mtego wa panya!"

"Cheka tu. Keshokutwa ni Jumamosi, na vitabu vyangu vinakwenda dukani."

Akakichukua, akaenda kwa jirani yake Edith. Kabla ya kuolewa, Edith alifanya kazi ya kushona vitabu katika kiwanda cha kuchapa cha misheni. Edith alikitazama, akaguna.

"Umeshona kikapu, dada. Kikapu hubeba viazi. Kitabu hufunguka. Fumua chote!"

Tryphena akafumua.

"Sasa fungua kijitabu katikati, pale kwenye mkunjo. Toboa matundu manne kwa sindano. Kila kijitabu kitobolewe mahali pale pale."

"Nishone kwenye mkunjo?"

"Hapo hapo. Kwa uzi wa pamba, si katani. Katani ni kali, inakata karatasi. Kwanza pitisha uzi kwenye nta ya nyuki, uteleze. Ukimaliza kijitabu kimoja, weka kingine juu yake, shona, kisha fungia uzi wake kwenye uzi wa kile cha chini. Vishikane kama ndugu. Vuta taratibu! Humfungi mbuzi!"

"Na gundi?"

"Uji mzito wa unga wa ngano, na chembe ya mrututu, ile dawa ya buluu ya dukani. Mende hawaugusi. Lakini ni sumu. Tumia kopo kuukuu, si sufuria ya chakula. Watoto wasisogee, na ukimaliza unawe mikono. Paka mgongo, bandika kitambaa, halafu majalada ya katoni. Weka chini ya jiwe mpaka kesho."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Uliniuliza?"

Jumamosi Tryphena na Edith walifika stoo kabla ya mwenye duka. Mzee Obadiah alikifungua kitabu katikati, akakilaza mezani, akaondoa mkono. Kikabaki wazi. Akavuta ukurasa mmoja.

"Mzee, taratibu!"

Ukurasa haukutoka. Akavuta mwingine. Nao haukutoka. Obadiah akasukuma sanduku kwa mguu.

"Chukueni. Na mbebe wenyewe, mgongo wangu si wa punda."

Tryphena alipiga vigelegele mpaka mwenye duka akasimama njiani. Yeye na Edith walibeba sanduku huku wanaimba.

Leo ukutani kwa Tryphena kuna rafu ya mbao iliyojaa vitabu, vyote kazi ya mikono yake. Majirani huazima na kurudisha. Wanawake watatu wamekwisha kujifunza kushona vitabu vyao.

Jioni humlaza mtoto mdogo mapajani, kitabu kikiwa wazi mezani, akaisomea nyumba nzima. Gilbert hakujua kusoma hata neno moja. Kazi yake ilikuwa kufunua kurasa. Juzi Tryphena alifika mwisho wa ukurasa, akangoja. Gilbert hakufunua.

"Baba Dinah, umelala?"

"Niache," alisema Gilbert, kidole chake kikitembea chini ya mstari. "Mimi bado niko hapa."