Wifi Hajatoka Kazini

Simu kutoka kwa Mkurugenzi iliingia wakati Mama Pole ameshatundika mkoba begani, mguu mmoja ndani, mmoja nje ya mlango.

"Hujaondoka?"

"Ndiyo natoka, bosi."

"Basi pita kwanza chumba cha mikutano. Washa ile skrini kubwa, rusha chochote kutoka kwenye kompyuta yako, nijue inafanya kazi. Wageni wanakuja asubuhi. Sitaki kuaibika."

"Sawa, bosi."

Alikata simu, akaegemea mlango, akafumba macho kidogo. Nje jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majengo na mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu, mwanga wa kufungia maduka. Wenzake walikwisha ondoka. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa amelala chali, akisubiri mtu wa kumgeuza ubavu.

Jina la Mama Pole alibandikwa hapo hapo ofisini, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Mtu akikohoa, pole. Mtu akidondosha kalamu, pole. Siku hizi yeye ndiye aliyestahili kupewa pole, na hakuna aliyekumbuka kumpa.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya wapima ardhi. Wanaume walikwenda kupima na vyombo vyao. Taarifa, ramani na maelezo ya kuwaonyesha wateja yalitayarishwa na wanawake wawili, Mama Pole na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Kutwa waliitana wifi, na ofisi nzima ikapata mzaha usiochakaa. Mtandao ukigoma, mtu alipaza sauti, "Jamani, wifi imekufa!" na yule dada alijibu kutoka mezani kwake, "Sijafa bado, ngojeni nimalize kazi ya bosi!" Hata kompyuta yake aliipa jina hilo, WIFI, ili kila akirusha picha ukutani jina litokeze na watu wacheke.

Kisha akafa kweli. Alikutwa asubuhi mezani kwake, shavu juu ya karatasi, vidole vingali kwenye kibodi. Daktari alisema ni moyo. Watu walisema ni kazi. Baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kutania tena, na Mama Pole akarithi kazi ya watu wawili kwa mwili mmoja ambao nao ulikwisha choka.

Lilikuwepo jambo moja tu la kushukuru. Asubuhi nyingi alipofika, taarifa aliyoiacha nusu aliikuta imekamilika, safi, mpaka nukta ya mwisho. Alidhani Mkurugenzi humalizia mwenyewe. Hakuuliza. Aliyechoka haulizi nani amempokea mzigo.

Alisukuma mlango wa chumba cha mikutano.

Baridi.

Kipoza hewa kilikuwa kimezimwa, lakini baridi ilimshika vifundo vya miguu kama maji ya kisima. Na kulikuwa na harufu. Mafuta ya karafuu, yale ya kujipaka kwenye paji la uso kichwa kikiuma. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... udongo uliofukuliwa karibuni.

"Wamesafisha vibaya," alijiambia, akaweka kompyuta yake kwenye ncha ya meza.

Aliwasha skrini. Kioo kipana kikameta ukutani, kikaandika kwa herufi nyeupe: *Inasubiri kifaa.* Chini yake zikaja namba, zile ambazo kila mtu lazima aziingize kwenye kompyuta yake ndipo skrini imkubali. Mama Pole alivuta kiti, akaanza kuziandika. Hajafika mwisho, kompyuta yake ikamkatalia.

*Skrini inatumika.*

Akainua macho.

*Kifaa kimeunganishwa: WIFI.*

Alikodoa macho. Akazima skrini, akaiwasha tena. Namba zikaja, nyingine kabisa. Safari hii hakuwahi hata kuigusa kompyuta yake.

*Kifaa kimeunganishwa: WIFI.*

Alimpigia fundi wa mitandao. Fundi alikuwa nyumbani, watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Fundi, samahani kukusumbua saa hizi. Skrini ya mikutano imeshikwa na kompyuta ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Wifi yangu."

"Aah, Mama Pole! Ile iko kabatini kwa Mkurugenzi. Nimeifungia mwenyewe. Na betri nilishaitoa."

"Jina ndilo hili naliona."

"Labda jirani kajipachika jina hilo, anacheza. Hapana, ngoja... Skrini si inatoa namba?"

"Inatoa. Na zinabadilika."

"Sasa namba hizo hazionekani mahali pengine popote. Ni hapo kwenye kioo tu. Anayetaka kuunganisha lazima awe anazisoma."

Kule kwa fundi mtoto alicheka.

"Mama Pole," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Uko na nani humo ndani?"

Aligeuka polepole. Meza ndefu. Viti vyeusi vimepangwa kila upande, vyote vitupu. Pazia halikutikisika.

"Niko peke yangu."

"Basi toka. Acha kila kitu hapo hapo. Toka!"

Angetoka. Miguu ilikwisha kuamua kutoka. Lakini skrini ilifunguka, na pale ukutani ikaonekana taarifa ya wageni, ile ile aliyokuwa ameiacha katikati mchana kwa sababu macho yalikuwa yakimwuma. Ilikuwa inaandikwa. Herufi moja, nyingine, nyingine. Likaja neno *mipaka*. Likafutwa. Likaandikwa tena.

Ulimwenguni Mama Pole alimjua mtu mmoja tu aliyeandika hivyo, mtu asiyeliamini neno mpaka aliandike mara mbili.

"Wifi?" alinong'ona.

Maandishi yakasimama.

Kisha, chini ya ramani, mahali pasipohusika...

*pole na kazi wifi*

Aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama analia kwa hofu au kwa huruma.

*mama amekula*

"Amekula," akajibu. "Bado kumgeuza."

*mwangalie mgongo usije ukachubuka*

"Namwangalia. Wifi... uko wapi?"

*kwenye kiti changu*

Kile cha mwisho, cha karibu na dirisha. Huko ndiko alikokuwa akikaa wakati wa mikutano ili apate upepo kidogo. Mama Pole alikitazama. Kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea, kama unavyobonyea mto uliokaliwa na mtu mzima mwenye mwili wake.

"Sisi tulikuzika," alinong'ona. "Mimi mwenyewe nilitupa udongo. Unafanya nini hapa?"

*hajaniambia nitoke*

"Nani?"

Ikatokea herufi *M*. Ikafutwa haraka, kama mtu aliyepigwa kibao mkononi. Halafu, polepole mno:

*nimechoka wifi. nimechoka*

Simu ikaita mkononi mwake. Aliruka. Alikuwa Mkurugenzi.

"Inafanya kazi?"

"Ndiyo... ndiyo, bosi."

"Naona." Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu anayekoroga chai. "Haya, funga mlango, nenda nyumbani. Na usimsumbue mwenzako. Ana kazi ya kumaliza."

"Mwenzangu nani, bosi?"

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu.

"Mlinzi," akasema. "Nani mwingine?"

Akakata.

Pale ukutani, *nimechoka* ilikuwa imekwisha futwa. Taarifa ilikuwa inaandikwa tena, mbio mbio, mstari juu ya mstari, kama mtu aliyekemewa. Na sasa Mama Pole alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia mwanzo.

Tap-tap-tap. Tap-tap.

Vidole juu ya kibodi. Huko mwisho wa meza.

Kwa siku nyingi alikuwa amechoka mno kuweza kukasirika. Jioni ile hasira ilimpanda kutoka miguuni. Alimkumbuka yule dada akimkaribisha siku ya kwanza ya kazi, akimwonyesha choo kilipo na kumnong'oneza ni nani wa kuogopwa. Alimkumbuka akiondoka wa mwisho kila siku, akisema, "Nyie tangulieni, namalizia." Alikwenda ukutani, akakamata waya wa umeme, akauchomoa.

Skrini ikafa. Chumba kikawa giza la magharibi.

Tap-tap-tap. Tap-tap.

Haikukoma.

Alitembea akishika migongo ya viti, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kwenye kile cha mwisho. Baridi ilimkata mbavu. Harufu ya karafuu, ile ya mafuta ya wifi yake, ilimfanya apate kizunguzungu. Hakunyoosha mkono kugusa, hilo hakuliweza. Alisema tu:

"Basi, wifi. Inatosha. Wewe ndiye uliyenileta hapa, na mimi ndiye ninayekutoa. Inuka. Mama anakungoja."

Tap... tap...

Tap.

Kisha kiti kikarudi nyuma chenyewe, taratibu, magurudumu yakilia juu ya sakafu.

Mama Pole aliondoka. Hakukimbia, maana aliona haya kumkimbia mtu wake. Alishuka ngazi akishika ukuta, na harufu ya karafuu ikashuka naye, nyuma kidogo ya bega la kushoto. Langoni mlinzi alikuwa anafunga koti lake. Akamtazama, akatazama nyuma yake, akatabasamu kwa adabu.

"Leo mmechelewa," alisema. "Haya, kwaherini. Mkapumzike."

Mama Pole hakugeuka. Njia nzima hakugeuka.

Nyumbani alimkuta mumewe jikoni, anaosha vyombo. Alimsimulia akiwa amesimama vile vile, mkoba begani. Mume hakumcheka. Hakusema, "Ni uchovu huo, mke wangu." Alifunga bomba la maji, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lile jeneza," akasema bila kumwangalia. "Mimi nilikuwa mbele. Wifi yako hakuwa mtu mdogo, unamjua. Lakini lile jeneza lilikuwa jepesi kama kapu tupu. Ningelibeba peke yangu."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani."

Wakasikia sauti kutoka chumbani. Mama mkwe alikuwa anaongea, chini chini, kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo hawakuwa wameisikia tangu watoto wao walipokuwa wachanga. Walikwenda wote wawili, wakasimama mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu. Mwanamke aliyeshindwa hata kuinua kichwa bila kusaidiwa alikuwa amejigeuza ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kitandani, na shuka ameivuta akaifunika ile nafasi. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, ukipigapiga polepole.

"Shh," aliwaambia. "Amelala. Msimwamshe."

Kulipokucha nafasi ilikuwa tupu na shuka imelala bapa. Mama mkwe hakumwulizia tena binti yake, siku ile wala baadaye.

Mama Pole alikwenda kazini asubuhi hiyo, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Wageni walikuja. Mkurugenzi alirusha taarifa ukutani, akaielezea kwa ufasaha wake, ramani baada ya ramani. Katikati ikakatika. Mstari wa mwisho ulikuwa na nusu ya neno, na baada ya hapo kurasa nyeupe, nyeupe, nyeupe. Wageni wakakohoa. Mkurugenzi hakufoka. Aliwaomba radhi, akawasindikiza mpaka chini, akarudi na kusimama mbele ya meza ya Mama Pole, akimtazama kwa utulivu, kama mtu aliye dukani anayepima kabati kwa macho, kama litaenea chumbani kwake.

"Mwenzako ameondoka," alisema polepole. "Sawa. Kazi haijaondoka."

Mama Pole alichukua mkoba wake, akatoka, hakurudi tena. Hata vikombe vyake aliviacha. Fundi wa mitandao naye aliacha kazi muda si mrefu. Walipokutana barabarani walisalimiana kama watu waliowahi kuugua ugonjwa mmoja, wasitaje kitu. Ile ofisi ingali wazi mpaka leo, na inasemekana inapata wateja wengi.

Akapumzika. Majirani walimwambia kila mara kwamba amependeza, kwamba mashavu yamerudi. Alilala mapema, watoto walimpokea kazi za ndani, mumewe alimkataza hata kufagia. Lakini kila asubuhi aliamka mabega yamekaza, macho yanawaka, mwili mzito kuliko alivyoulaza. Akadhani ni malaria. Akapima, haikuwepo.

Siku moja mumewe alimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anajisugua viganja.

"Nilitaka nisikwambie," mume alisema, akaketi karibu naye. "Usiku ukishapitiwa na usingizi, vidole vyako vinaanza. Juu ya shuka. Vinaandika."

"Vinaandika nini?"

"Sijui. Vinakwenda mbio. Jana nilikushika mikono yote miwili, nikaibana kwa nguvu zangu zote. Viliendelea ndani ya mikono yangu."

Mama Pole alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia, vyekundu kwenye ncha.

"Huacha saa ngapi?"

"Kukianza kupambazuka. Unavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Halafu unaamka."

Akayakumbuka maneno ya Mkurugenzi: kazi haijaondoka. Alikuwa amechoka mno, hata kuogopa hakuweza.