Mti wa Sarafu ya Bahareni

Mwanahamisi alitandika vitanda kumi na vinne kila siku. Alikuwa mfanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya West Bay, ugenini katika nchi ya Waarabu, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Mgongo ulishaanza kumgomea. Akirudi nyumbani Al Wakrah, alijilaza chali sakafuni kabla hata hajavua baibui.

Mwezi huo hoteli ilifungua chumba kidogo cha maonyesho ya sarafu za nchi za visiwa. Alitakiwa mtu mmoja wa kuwaeleza wageni. Usaili ulikuwa Alhamisi.

"Kazi hii naitaka," alimwambia mumewe Bakari, dereva wa teksi. "Nimechoka kuinama."

"Lakini wewe wajua nini habari za sarafu?"

"Nitajua."

Akaanza kweli. Alizipiga picha sarafu zote kwa simu, mbele na nyuma. Alianza na Bahareni, kisiwa jirani. Sarafu ya fils mia, pesa ya huko, ina ngao, nembo ya taifa. Fils kumi ina mti. Mti huo haukumpa taabu hata kidogo. Mwanahamisi ni mzaliwa wa Micheweni, Pemba, na kwake kila mti wenye makuti ni mnazi. Akaandika kwenye daftari: mnazi.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, alimsomea Laban, Mkenya anayetunza bustani ya hoteli.

Laban akacheka, akamwita kwa jina la bintiye. "Zii, Mama Hidaya. Huo ni mtende."

"We Laban! Mie nimekulia kwenye minazi, leo wanifundisha mnazi?"

"Ndiyo maana hukuangalia."

Maneno yale yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Laban akamtoa nje hadi bustanini.

"Cheki hii shina. Ni nene, imejaa makovu ya makuti yaliyokatwa. Mnazi ni mwembamba, tena hupindapinda. Tende zinaning'inia kwa mashada marefu. Nazi je?"

"Zimekaa juu, shingoni," alisema Mwanahamisi polepole.

"Sawa. Sasa jiulize, na huu ukame wa huku, mti gani ulilisha watu? Walikula tende. Makuti wakajengea nyumba. Kivuli wakapumzikia. Nchi haiweki mti kwa pesa yake hivi hivi tu. Inaweka mti wa kwao, wenye umewafaa."

Miaka sita alikuwa akipita chini ya mitende ile kila asubuhi! Mwanahamisi aliona aibu, kisha akajikasirikia, na hasira ile ilimfaa. Alifuta neno mnazi. Jumatano alirudia picha zote upya, moja moja. Safari hii aliangalia kwanza, ndipo akaandika.

Alhamisi alihojiwa na meneja, Mganda aitwaye Bi Roselyne. Mwanahamisi alieleza ngao na mtende bila kubabaika. Bi Roselyne akatoa sarafu nyingine mkobani.

"Na hii? Ni rufiyaa moja ya Maldivi. Haimo kwenye maonyesho."

Mwanahamisi aliipokea. Aliona mti wenye makuti, na ulimi ulitaka kusema mtende. Akaubana.

"Naomba dakika moja."

Akaisogeza sarafu kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni nembo ya taifa," alisema. "Kuna mwezi na nyota, na bendera mbili. Mti huu ni mnazi."

"Una uhakika? Wenzako wawili niliowahoji kabla yako wamesema mtende."

"Nina uhakika. Shina lake ni jembamba. Halafu Maldivi ni visiwa vya mvua na mchanga, kama kwetu. Watu wa huko wanakula nazi, wanakamua mafuta yake, wanasokota kamba za makumbi, zile nyuzi za ganda lake. Mnazi ndio mti wao."

Bi Roselyne aliitazama sarafu, kisha akamtazama yeye.

"Ndoo na mifagio mkabidhi mwenzako leo. Jumapili saa tatu uwe hapa."

Mwanahamisi alimpigia mumewe simu palepale ukumbini. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini alianza na moja.

"Bakari, nimepata," alisema. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, kiti kama vile alivyovipangusa vyumbani miaka yote sita bila kukalia hata kimoja.