Goti la Ushuhuda

— Shoga, hivi mumeo mbona siku hizi anashuka ngazi za baraza kinyumenyume?

Jirani wa chumba cha pili aliuliza hivyo huku akianika nguo, wala hakuwa na nia mbaya. Mshonaji alikuwa barazani na cherehani yake. Hakuinua uso.

— Hataki kunipa kisogo. Mapenzi hayo, wewe hujawahi kuyaona?

Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao wakacheka, jirani naye akacheka, ikaishia hapo. Lakini mshonaji aliunga mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, akaja kuufumua baadaye wenyewe wameshaondoka.

Mumewe alikuwa fundi wa vigae. Kazi hiyo ni ya kupiga magoti kutwa nzima, na wenzake walizoea kumtania kwamba anapiga magoti kuliko wacha Mungu wote wa mtaa. Mwanzoni mwa mwaka aliteleza kwenye ngazi zenye saruji mbichi akiwa na boksi la vigae begani. Mguu ulibaki umenasa, mwili ukageuka. Goti likavimba hadi suruali ikabidi ichanwe kwa mkasi.

Mkewe, mwanamke wa sala, aliita kikundi chao cha maombi. Wakafunga, wakaomba, na baada ya muda uvimbe ukapungua. Kwa hilo hakuna wa kumlaumu, maana Mungu hachoki kusikia. Kosa lilikuja baadaye, siku ya ibada, aliposimama kutoa ushuhuda kwamba mume wake amepona. Alisema huku analia kwa furaha. Kiongozi wa maombi akamwita fundi mbele, akamwambia kama ni kweli aruke, watu wamwone Mungu.

Fundi alimtazama mke wake. Uso ule hakuwahi kuuona tena tangu siku alipomwoa. Akaruka. Watu wakapiga makofi, akaambiwa aruke tena. Akaruka tena.

Toka hapo mshonaji akawa kiongozi wa kina mama. Wenye vidonda, wenye vifua, wenye watoto wasiolala, wote walimfuata barazani awaombee, na jina likawa Mama Goti. Fundi naye akawa na miguu ya aina mbili, mguu wa nje na mguu wa ndani. Wa nje ulitembea umenyooka mpaka mlango ufungwe. Wa ndani uliburutwa mpaka kitandani na kuwekewa mto chini.

Kazini alianza kupanga vigae akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu ameunyoosha pembeni. Mistari yake, iliyokuwa ikisifiwa, ikaanza kwenda mrama. Mwenzake wa kazi aliona, akanyamaza, mpaka siku ile alipompigia mshonaji simu.

— Shemeji, kaka amekwama.

— Amekwama wapi? Gari limeharibika?

— Goti, shemeji. Limejikunja halitaki kunyooka. Tumemtoa bafuni kama watu wanaotoa mlango. Niko naye hospitali hapa.

Daktari alilibonyeza goti, akapiga picha, akaeleza kwa lugha nyepesi. Kile kitu laini kinachokaa katikati ya mifupa kimechanika, na kipande chake kinaingia kwenye maungio kama kitambaa kinavyonasa kwenye bawaba. Akauliza kama baada ya kuumia kuna jambo zito alilifanya. Fundi akasema aliruka. Daktari akauliza aliruka nini, fundi akashusha suruali juu ya goti. Akaambiwa kilichokuwa ufa sasa ni mpasuko, na bila upasuaji mguu utabaki umejikunja. Hata akipasuliwa, huenda asirudi tena kupiga magoti kwa kazi.

Alirudi nyumbani na gongo moja la kukodi, akalificha nyuma ya kabati kabla mtu hajaliona. Alimweleza mkewe yote. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba wavumilie kidogo. Mkutano mkubwa wa kina mama uko karibu, na yeye ndiye anayetoa ushuhuda. Fundi akakubali. Alikuwa akimpenda, na mtu akipenda hujidanganya kwamba maumivu ni jambo dogo. Akameza vidonge, akangoja hospitali imwite kwa zamu yake ya upasuaji.

Wito hakuuona. Mkutano ukapita, mshonaji akashangiliwa, goti likazidi kujikunja. Siku moja mchana, fundi akiwa amelala ubavu na mkewe yuko barazani, simu ikaita. Alikuwa muuguzi.

— Ndugu, wewe ni yule wa goti? Nimepiga tu kuhakikisha. Unaendeleaje baada ya kupona?

— Kupona?

— Si ulituandikia? Tulikutumia ujumbe wa nafasi ya upasuaji, ukajibu.

Fundi akamwomba amsomee. Muuguzi akasoma polepole: "Mgonjwa amepona kwa uwezo wa Mungu. Nafasi mpeni mwingine." Kisha akasema huyo mwingine ameugua homa, kitanda kiko wazi, kama anakihitaji aje leo hii kabla ofisi haijafungwa.

Fundi alikata simu. Alitafuta ule ujumbe kwenye simu yake, hakuuona, ulikuwa umefutwa. Akamwita mkewe, sauti haikuwa kubwa. Mshonaji akaja na pini mdomoni, akazitoa moja moja alipomwona ameketi na viatu miguuni.

— Nani alijibu hospitali?

Hakujifanya haelewi. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akazichoma pini kwenye nguo yake kifuani.

— Niliandika kwa imani, mume wangu.

— Imani yako inaandikwa kwa simu yangu?

— Wangekupasua, halafu wale wanawake ningewaambia nini? Kuna mmoja pale nje ana uvimbe titini. Anapata nguvu ya kuamka asubuhi kwa sababu ya goti lako.

— Na ameenda kupimwa?

Mshonaji alichomoa pini moja, akaichoma tena palepale.

— Nakuuliza, ameenda?

— Aliniuliza kama aende. Nikamwambia aamini kwanza.

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Nje cherehani ya msaidizi ilikuwa inakwenda, na watu wakicheka juu ya kitu fulani.

— Bibie, mimi niliruka kwa ajili yako, alisema. Nilikuona unalia kwa furaha, nikasema nitaficha haya maumivu, Mungu ataniponya njiani asiaibike mke wangu. Miezi yote kabla ya hospitali nilijua nakudanganya wewe. Nilitubu kila siku kwa kukudanganya.

Mshonaji alianza kulia, si kama alivyolia siku ya ushuhuda.

— Hukunidanganya.

— Una maana gani?

— Nalala na wewe. Unafikiri sikusikii unavyouma shuka?

— Ulijua lini?

— Jioni ile ile uliporuka. Ulivua kiatu ukidhani niko jikoni. Nilikuona ulivyolishika lile goti, ukauburuta mguu mpaka kitandani.

— Na ukaendelea kushuhudia miezi yote hiyo.

— Nilidhani nikilisema mara nyingi litakuwa. Nilikuwa naomba huku nasema. Niamini, nilikuwa naomba.

Fundi alikuwa tayari kusamehe kuongopewa. Hili hakujua amsamehe vipi, kwamba alilala ubavuni kwake akiyahesabu maumivu yake na kunyamaza. Akainama, akavuta gongo kutoka nyuma ya kabati, akalipitishia dole gumba kufuta vumbi.

— Twende wote, alisema. Unishike mkono, tupite pale pale walipo. Yule mama mwenye uvimbe aje naye. Ukinishika mkono, mengine tutayazungumza nikirudi.

Mshonaji aliinuka. Akashika mkono wake, kweli akaushika, wakafika hadi kwenye pazia la mlango. Sauti za wanawake zikasikika wazi, na mmoja wao akiuliza Mama Goti yuko wapi. Vidole vya mshonaji vikalegea.

— Fundi, alinong'ona. Tafadhali. Kuna mlango wa uani. Kwa leo tu pitia kule.

Fundi aliuachia mkono wa mkewe taratibu, kama mtu anayeweka chini chombo cha watu. Akalisukuma pazia kwa ncha ya gongo, akatoka kupitia barazani, katikati ya wanawake, akilegemea gongo mbele ya macho yao.